Maji Gani Yafaa Bustani Kitale na Bungoma?

Sisi wa Pwani twajua kisima cha maji ya chumvi kinavyounguza mchicha. Kitale na Bungoma, jirani na Mlima Elgon, mambo ni tofauti kidogo. Maji ya mvua karibu hayana chumvi. Ndiyo salama zaidi kwa miche. Ya Mto Nzoia huja na tope la mashambani: yaache yatuame, wala usinyunyizie mboga zinazoliwa mbichi. Maji ya kisima kirefu huweza kuwa na madini mengi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimekauka, pima maji kabla ya kununua mbolea. Maharagwe huumia mapema kuliko nyanya. Mbolea haiondoi chumvi. Ile ya dukani huiongeza.