Papasi na Kupambanuliwa kwa Aina Zake

Papasi, aitwaye kwa jina la kitaalamu *Ornithodoros moubata*, ni kiumbe mdogo mnyonya damu wa ukoo wa kupe laini, ambaye kwa kuwa na miguu minane atimiapo ukubwa wake huhesabiwa pamoja na buibui na nge, wala si katika wadudu wenye miguu sita. Hana macho, ngozi yake ni ya kijivu, yenye vinundu vinundu, na kinywa chake kimefichika chini ya mwili, ilhali kupe wa ng'ombe ana gamba mgongoni na kinywa kilichochomoza mbele. Mchana hujibanza katika nyufa za kuta za udongo na vumbi la sakafu; usiku hutoka, akanyonya kwa muda usiozidi sana nusu saa, akarudi mafichoni kabla aliyelala hajatanabahi. Aweza kukaa na njaa miaka kadhaa asife. Tena makambi ya njia za misafara, kama ile itokayo Ujiji ikapita Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe huko Kongo, yalimfaa mno, maadamu kila siku walilala humo watu wapya.

Msafiri Livingstone, ambaye mwaka 1870 alizuiliwa Kabambare na vidonda vya miguu, alikuwa amekwisha kueleza katika kitabu chake cha mwaka 1857 uchungu na kutapika kufuatako kuumwa na kiumbe huyu, kama alivyomjua huko Angola. Wasifu wa kitaalamu ulitolewa mwaka 1877 na Andrew Murray, kwa vielelezo vilivyotoka Angola, naye alimweka katika jenasi ya *Argas*. Baadaye alihamishiwa *Ornithodoros*, karibu na *Ornithodoros savignyi* wa nchi kame, ambaye amefanana naye sana ila yeye ana macho.

Kasongo imepata mahali pake katika kadhia hii kwa gharama ya uhai wa mtu. Mwaka 1903 Chuo cha Maradhi ya Nchi za Joto cha Liverpool kilituma Kongo matabibu, miongoni mwao Joseph Everett Dutton, aliyekwisha kumpa jina kimelea cha malale mwaka 1902, na John Lancelot Todd wa Kanada. Hao wawili walipofika mashariki ya nchi walikuta homa ambayo humshika mtu siku chache, ikamwacha hata akadhani amepona, kisha ikamrudia, mara mbili, mara tatu na zaidi, nayo ni hatari zaidi kwa wajawazito na watoto. Waliona katika damu ya wagonjwa bakteria mwembamba aliyesokoteka mithili ya parafujo. Wakawaweka papasi juu ya nyani, na nyani wakaugua. Tena, na hili ndilo jambo kubwa katika kazi yao, wakadhihirisha kwamba hata watoto wa papasi walioanguliwa kutoka mayai ya mama mwenye maradhi waweza kuambukiza. Katika uchunguzi huo wote wawili waliambukizwa. Todd alipona, Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905, umri wake miaka 30, akazikwa huko huko.

Uganda, mwaka 1904, Ross na Milne walikuwa wameihusisha homa hiyo na papasi, na Robert Koch, akifanya kazi Afrika ya Mashariki ya Kijerumani mwaka 1905, aliwaona bakteria hao ndani ya mayai yake. Mwaka 1906 Novy na Knapp walimpa bakteria huyo jina la Dutton, naye leo huitwa *Borrelia duttonii*.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba papasi wote hao ni aina moja. Si ajabu, kwa kuwa wajihi wao ni mmoja kwa macho ya mtu asiyetumia darubini. Lakini dhana hiyo iliacha fumbo, kwani papasi wa aina hiyo hiyo, kama ilivyosemwa, alionekana katika nyumba za watu na katika mashimo ya ngiri, na hayo ni maisha mawili mbali mbali. Mwaka 1962 G. A. Walton, aliyewachunguza papasi wa Afrika ya Mashariki kwa subira inayostahili sifa, alilitenga kundi hilo katika aina nne: *moubata* mwenyewe, *porcinus*, ambaye baadhi yao hukaa na ngiri na wengine nyumbani, *compactus* wa kobe, na *apertus* wa nungu. Faida ya kupambanua huko ilionekana upesi, maana mwaka 1969 Walter Plowright na wenzake walionyesha kwamba papasi wa mashimo ya ngiri huchukua virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika. Mwaka 2018 wataalamu waliopima sura pamoja na chembe za urithi walieleza aina nyingine mpya katika kundi hili.

Kwa hiyo akusanyaye papasi katika nyumba za Maniema, jimbo la Kasongo, hana budi kuchekecha vumbi la sakafu, kuwahifadhi viumbe hao katika spiriti kali, kuandika kijiji, tarehe, namna ya ukuta, na mnyama gani alala humo pamoja na watu, kwani kielelezo kisichoandikwa makao yake hakiwezi kumsaidia mpambanuzi.