Kitenzi cha Herufi Tatu Chenye Maana 645

Mwanafunzi anayeanza Kiingereza hufundishwa mapema kwamba "run" ni kukimbia. Mwaka 2011 wahariri wa kamusi kuu ya Kiingereza, ile ya Oxford, walipokuwa wakiipitia upya, ilijulikana kwamba kitenzi hicho peke yake kina maana 645. Peter Gilliver, mhariri aliyekabidhiwa kazi hiyo, aliishughulikia kwa zaidi ya miezi tisa.

Kabla ya hapo sifa ya kuwa na maana nyingi ilikuwa ya "set". Katika toleo la pili la mwaka 1989, lenye majuzuu 20, "set" ilipewa maana 430, na maelezo yake yalifika maneno 60,000 hivi, urefu wa riwaya.

Hesabu hizi hazikutoka vichwani mwa wataalamu. Wazo la kamusi hiyo lilizaliwa London mwaka 1857 katika chama cha wanalugha, na mwaka 1879 kazi ikakabidhiwa James Murray, mwalimu wa shule kutoka Scotland. Alijenga banda la mabati uani kwake, akaomba wasomaji popote walipo wamtumie vikaratasi, kila kimoja kikiwa na sentensi iliyokwisha kuchapishwa na jina la kitabu ilimotoka. Vikaja kwa mamilioni. Maana mpya iliingia kamusini pale tu sentensi zilipoithibitisha, na hapo ndipo ninapomheshimu Murray: aliwasikiliza watumiaji kabla ya kuandika. Kazi ilitarajiwa kuchukua miaka kumi; baada ya mitano walikuwa wamefika "ant", yaani sisimizi. Murray alifariki mwaka 1915, na toleo la kwanza likakamilika mwaka 1928.

Kwa nini basi "run" ikaipita "set"? Mashine zina mchango mkubwa. "Set" ni kitenzi cha utulivu: kuandaa meza, kutega mtego, saruji kuganda, jua kutua. "Run" tangu zamani ilibeba mwendo wa miguu na wa maji. Reli zilipotandazwa Uingereza katika karne ya 19, treni nayo ikapewa kitenzi hicho, sawa na injini na kiwanda; baadaye ikawa zamu ya programu za kompyuta. Siasa nazo zikaongeza lao: Mmarekani anayegombea urais husemwa "anakimbia", ilhali Mwingereza anayewania ubunge husemwa "anasimama".

Kiswahili nacho kina kitenzi cha namna hiyo, "piga". Tunapiga ngoma, pasi, deki, mswaki na chafya. Ilipokuja kamera tukapiga picha, ilipokuja simu tukaipiga, na siku ya uchaguzi tunapiga kura. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), iliyotoka mwaka 1981, iliwapa wasomaji wa Kiswahili kamusi ya lugha yao iliyoandikwa kwa lugha hiyohiyo. Lakini umri wa kila matumizi ya neno, yaani nani aliyaandika kwanza na lini, unajulikana kwa ushahidi wa maandishi tu. Basi wewe mwenye barua za babu, magazeti ya zamani au daftari la mashairi lililoandikwa kwa hati ya Kiarabu, usivichome wala usiviuze kwa wafunga maandazi. Vipeleke kwenye maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu nawe.