Je, Wahopi Hawakuwa na Wakati?

Hebu fikiria mgeni amefika kwenu asubuhi. Saa yake inaonyesha 8, wewe unamwambia ni saa mbili. Akirudi kwao akaandika kwamba watu wa huku hawaelewi wakati, utamcheka, si ndiyo? Sasa, jambo la aina hiyo liliwapata Wahopi wa Arizona, Marekani, na wasomi wengi waliliamini kwa miaka.

Chanzo chake ni Benjamin Lee Whorf. Huyu hakuwa profesa. Aliajiriwa na kampuni ya bima, kazi yake ikiwa kukagua hatari za moto. Huko aligundua kitu: karibu na mapipa yaliyojaa petroli watu walijihadhari sana, lakini karibu na mapipa "matupu" walivuta sigara bila wasiwasi. Kumbe pipa tupu ndilo hatari zaidi, maana lina mvuke unaolipuka! Whorf akaona kwamba neno "tupu" ndilo lililowapoteza. Yaani lugha huongoza mawazo, na hata matendo.

Miaka ya 1930 alisoma kwa Edward Sapir katika Chuo Kikuu cha Yale, akaanza kuchunguza Kihopi, kwa sehemu kubwa akimtegemea msemaji mmoja aliyeishi New York. Aliandika kwamba lugha hiyo haina maneno wala maumbo ya kisarufi yanayotaja moja kwa moja kile tunachokiita wakati. Alifariki mwaka 1941 akiwa na miaka 44, na makala hiyo ikachapishwa 1950. Wazo likaenea: kuna watu wamejitenga na dunia, hawana wakati.

Wamejitenga vipi? Wahispania walishafika kwao mwaka 1540. Tena Wahopi ni wakulima wa mahindi kwenye ardhi kame. Walifuatilia mahali jua linapochomoza kwenye upeo wa macho ili wajue siku za kupanda na za sherehe. Mkulima wa jangwani akikosea msimu, atakula nini?

Mwaka 1983 mwanaisimu Ekkehart Malotki, aliyefanya kazi miaka mingi na wasemaji wa Kihopi wenyewe, alitoa kitabu cha kurasa zaidi ya 600, *Hopi Time*. Humo mna maneno ya siku, ya sehemu za siku, ya majira, na hata kiambishi cha kitenzi kinachoonyesha wakati ujao.

Wapo wanaomtetea Whorf. Wanasema alimaanisha tu kwamba Wahopi hawauoni wakati kama Wazungu wanavyouona, kitu cha kukatwa vipande na kuwekewa akiba. Na swali lake halijafa: watafiti bado wanapima jinsi lugha inavyoelekeza macho na kumbukumbu zetu.

Ila somo la mapipa linawahusu wasomi pia. Neno "tupu" liliwafanya wafanyakazi wasifikirie kilichomo ndani. Maneno "watu wasio na wakati" yaliwafanya wasomi wasiende kumuuliza Mhopi swali jepesi tu: mwaka huu utapanda lini?