Mgeni Si Lazima Awe Mvamizi

Spishi vamizi ni mmea, mnyama au kiumbe mwingine aliyefikishwa na binadamu mahali pasipo pa asili yake, akaenea na kudhuru viumbe, maji au riziki za hapo.

Mfano upo hapa Nairobi: toka mtaa wa Ayany, ikatize Kibera hadi Laini Saba, kisha teremka mpaka Nairobi Dam. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953 kuhifadhi maji ya jiji. Kwa miaka mingi limefunikwa na gugu maji, mmea wa bonde la Amazon uliosambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake ya zambarau. Majitaka yanayotiririka humo ndiyo mbolea yake. Likistawi, gugu hilo huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi, likaziba mwanga na kuwapunguzia samaki hewa.

Sasa tazama mitini. Nairobi wapo kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, Agapornis fischeri. Kwao ni kaskazini mwa Tanzania. Walioko huku ni kizazi cha ndege wa vizimbani waliotoroka au kuachiliwa. Naivasha wamezaana na ndugu zao Agapornis personatus, nao wa Tanzania, wakapatikana machotara.

Je, gugu na kasuku tuwape jina moja? Kiswahili kina maneno mawili. "Ngeni" huuliza: nani aliileta? "Vamizi", linalotokana na kuvamia, huuliza: imefanya nini ilipofika? Umbali hauamui. Kasuku ametoka nchi jirani, lakini Nairobi ni mgeni kwa kuwa aliletwa na mtu. Mahindi yalitoka Amerika, wala hatuyaiti vamizi.

Mkataba wa Bioanuwai, ambao matini yake yalipitishwa hapa Nairobi tarehe 22 Mei 1992, unashika tofauti hiyo. Kifungu cha 8(h) kinataka kuzuia, kudhibiti au kuangamiza spishi ngeni zinazotishia mifumo ya ikolojia, makazi au spishi nyingine. Hakikusudii kila ngeni.

Basi gugu maji tuliite vamizi, maana bwawa lenyewe ni shahidi. Kasuku tumwite mgeni, tumchunguze, tusimhukumu kabla ya ushahidi. Mitaa ya Kibera inajua uzito wa neno "vamizi": mtu akishaitwa mvamizi wa ardhi, tingatinga halikawii.