Stilwaya

Stilwaya ni fundo la nyuzi za chuma la kusugulia ukoko na masizi kwenye vyombo vya kupikia. Nchini Marekani, stilwaya ya chapa ya Brillo ilipata hataza mwaka 1913. Stilwaya laini kama pamba hung'arisha sana sufuria za alumini, lakini hushika kutu upesi na kumwaga vipande. Ya utepe uliosokotwa wa chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi, nayo ndiyo ya kununua. Vikaango visivyogandisha chakula visiguswe na stilwaya yoyote kamwe: utando wake huchubuka. Kabla ya kusugua, loweka ukoko kwanza. Ukimaliza, suuza stilwaya, kung'uta mabaki yote, ikamue, kisha ianike. Ikianza kukatika itupwe, kwani kipande kikiingia kwenye chakula kinaweza kujeruhi koo.