Maisha Matatu na Benchi Linalocheka: Gemu za Kuruka na Kufyatua Zilivyotufikia

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na runinga. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na vitu hivyo vilihesabiwa kuwa anasa. Zanzibar ilikuwa na runinga yake ya rangi tangu miaka hiyohiyo, lakini Bara ilingoja hadi 1994, ITV na vituo vingine binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Katika miaka hiyo ishirini Wajapani walikwisha kubuni fundi bomba anayeruka mashimo, komandoo anayepigana na viumbe wa sayari nyingine, na kimashine cha kuwachezea wote hao sebuleni. Mlango ulipofunguka, vya zamani na vipya viliingia pamoja, na hakuna aliyejali kipi kilitangulia.

Nyanda za juu za Kigoma zilingoja zaidi. Mabamba, kata ya Wilaya ya Kibondo inayopakana na Burundi, iko katika mkoa ulioendeshwa kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO kwa miaka mingi. Gridi ya taifa ilifika Kigoma mwaka 2022 tu. Kabla ya hapo, kuwasha runinga kijijini kulitaka jenereta la petroli, betri ya gari au sola, na mwenye navyo hakutazama peke yake. Alifungua banda, akapanga mabenchi, akatoza kiingilio. Kwa hiyo historia ya gemu katika maeneo kama haya haianzi na mtoto aliyejifungia chumbani. Inaanza na kundi: mmoja ameshika pedi, wengine wanangoja zamu yake iishe.

Kimashine chenyewe kilizaliwa Japani Julai 1983 kwa jina la Famicom, kazi ya kampuni ya Nintendo. Nintendo haikuwahi kujenga soko la maana Afrika Mashariki. Waliolijaza pengo hilo ni mafundi wa Taiwan na China, ambao waliiga mtambo huo, na baadaye wakaubana wote ndani ya chipu moja ya bei poa. Mashine hizo za kuiga ziliuzwa kwa majina kemkem, zikachomekwa kwenye tundu la antena la runinga yoyote. Kaseti zake zilikuwa na uongo wa wazi juu ya karatasi: maelfu ya gemu katika kaseti moja. Ukifungua orodha unakuta chache tu, zikirudiwarudiwa kwa majina tofauti, nyingine zikianzia hatua ya tatu au kumpa mchezaji maisha ya ziada. Ulikuwa wizi wa mali ya mtu, na ndio uliotufikishia gemu.

Kati ya gemu hizo chache, Contra ilikuwa na kiti chake. Kampuni ya Konami iliitoa kwenye mashine za madukani mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikaingia Famicom. Makomandoo wawili, Bill na Lance, wanakimbia, wanaruka na kufyatua risasi hadi kwenye tumbo la jitu la anga. Una maisha matatu, na risasi moja inatosha kuondoa moja. Ukiokota herufi S, bunduki yako inatawanya risasi kama feni, na ukifa inapotea. Kulikuwa pia na siri ya kubonyeza juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, ukapata maisha 30. Kanuni hiyo ilitungwa na Kazuhisa Hashimoto wa Konami alipokuwa akihamishia gemu ya Gradius kwenye Famicom mwaka 1986, kwa sababu ilimshinda kuimaliza. Imezunguka dunia nzima kwa mdomo.

Contra haikutungwa ili ichekeshe. Kicheko kilitoka kwenye benchi. Hatua ya maporomoko ya maji ndiyo ushahidi: picha inapanda pamoja na aliyetangulia, na mwenzake aliyebaki chini anakufa bila kuguswa na adui. Rafiki yako ndiye muuaji wako, na watazamaji wote wameona. Mabanda yetu yalikuwa na utamaduni wa kusema juu ya picha tangu zamani. Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijijengea jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akiongeza utani ambao mwongozaji wa filamu hakuuota. Walioketi nyuma ya mchezaji wa gemu walifanya kazi hiyohiyo bila malipo: walionya, walizomea, walimwita bingwa, na alipoanguka shimoni wakamtaka aachie pedi.

Gemu ya namna hii haidai lugha, na jambo hilo si dogo katika ukanda kama wa Mabamba. Kiha na Kirundi vinaelewana huku, Kiswahili kinaunganisha, na mpaka umepitisha watu mara nyingi: waliokimbia Burundi mwaka 1972, waliokuja baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwaka 1993, na waliokuja mwaka 2015, kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipofunguliwa upya. Wengi wa waliorejea makwao kuanzia 2017 walipita njia ya Mabamba na Gisuru, ng'ambo ya mpaka. Mkimbizi na mwenyeji hawahitaji mkalimani ili wajue kwamba kulia ni mbele, shimo ni kifo, na jitu kubwa linaloziba picha nzima ndiye bosi.

Ng'ambo, watengenezaji wa gemu nao waliugundua utani. Earthworm Jim ya mwaka 1994 ilimtwaa mnyoo, ikamwangushia vazi la kivita kutoka angani, ikampa kazi ya kumrusha ng'ombe hewani. Metal Slug, iliyotoka mwaka 1996 kwenye mashine za Neo Geo, ilichora askari wa adui wakipiga soga na kukurupuka kwa mayowe wakikuona. Toleo lake la pili, la 1998, lilimfanya mchezaji anayekula kupita kiasi anenepe hadi ashindwe kukimbia vizuri. Mwishoni wavamizi wa Mirihi wanaingia, na adui zako wa jana wanakuwa wenzako vitani. Ratchet & Clank ya mwaka 2002 iliupeleka mzaha huo PlayStation 2.

Lakini vibanda vyetu vya PlayStation vilikwisha kutekwa na mpira. Sababu ni hesabu ya mwenye kibanda. Mechi ina dakika zake, inakalisha wawili kwa mpigo, na aliyefungwa anatoka. Gemu ya maisha matatu haina kipenga: mjuzi anaweza kukalia mashine saa nzima kwa hela moja. Zilizonusurika zilihamia kwenye simu, ndani ya programu zinazoiga mashine za zamani, zikirushwa mkono kwa mkono.

Ndipo Waafrika Mashariki wakaanza kutunga za kwao. Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007. Mwenzake Andrew Kaggia akaleta Nairobi X, ambamo viumbe wa anga wanaishambulia Nairobi. Jiwe Studios, pia ya Nairobi, ikatengeneza Usoni, inayowaonyesha Wazungu wa siku zijazo wakikimbilia Afrika. Na Lual Mayen wa Sudan Kusini, aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, aliona kompyuta kwa mara ya kwanza wakati wa kuandikishwa kambini. Mama yake akadunduliza dola 300 kwa miaka mitatu amnunulie ya kwake, naye akatembea saa tatu kufuata umeme. Gemu yake, Salaam, inamfanya mchezaji akimbie vita ili aokoe roho. Mwaka 2018 alitambuliwa katika tuzo za The Game Awards.

Ni kazi za heshima, na karibu zote zimekunja uso. Mbio tunazo, wageni wa anga tunao, kicheko hatujakitia ndani. Ajabu ni kwamba nje ya gemu tunakiweza. Kaggia huyohuyo aliwahi kuwageuza wanasiasa wa Kenya kuwa maroboti yanayogombea Ikulu katika katuni yake Wageuzi. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, filamu ya mapigano ambayo msimulizi wake, VJ Emmie, haachi kuikejeli tangu mwanzo hadi mwisho. Filamu ile ilipata mashabiki dunia nzima kwa sababu sauti ya banda imewekwa ndani ya kazi yenyewe.

Hilo ndilo somo kwa kijana wa Kibondo au Kasulu anayejifunza leo kuandika programu. Wajapani walituletea kuruka na kufyatua, na mafundi wa Taiwan na China wakatupunguzia bei. Maneno ya benchi hatukuagiza kwa mtu. Atakayeyaingiza kwenye gemu, bosi azomee, mchezaji aliyekufa mara ya tano atukanwe kwa Kiha na kupewa pole kwa Kiswahili, atakuwa ametunga kitu ambacho Konami haikukijua.