London hadi Nairobi: njia iliyofuata maji

Kati ya uwanja wa Heathrow, London, na ule wa Jomo Kenyatta, Nairobi, kuna karibu kilomita 6,800 za anga. Ndege ya leo huzimaliza kwa saa nane na nusu au tisa bila kutua. Ndege za mwanzo hazikubeba mafuta ya kutosha safari kama hiyo, na giza likiingia zilitua. Kwa hiyo kilichoamua urefu wa safari ni vituo.

Kampuni ya Imperial Airways ilifungua njia hii tarehe 28 Februari 1931 kutoka Croydon, kusini mwa London. Mwisho wake haukuwa Nairobi bali Mwanza. Kutoka Khartoum zilitumika ndege za majini, zenye tumbo la mashua, zikiufuata Mto Nile hadi Ziwa Viktoria. Nairobi iliingia kwenye ratiba mwaka 1932, njia iliporefushwa hadi Cape Town kwa ndege za nchi kavu zilizotua pia Moshi, Dodoma na Mbeya. Abiria alifika Nairobi baada ya kama wiki moja, na sehemu kubwa ya wiki hiyo hakuwa hewani. Usiku alilala hotelini au katika nyumba ya wageni. Tena, kwa kuwa Italia iliwazuia Waingereza kupita kwenye anga yake, kipande cha Paris hadi Brindisi alikimaliza kwa treni!

Mwaka 1937 ndege za majini zilirudi, mara hii kubwa zaidi, aina ya Short Empire. Zilitoka Southampton kuelekea Durban, zikitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Nairobi, mji usio na ziwa, ikaachwa kando. Wa kwenda huko alishuka Kisumu na kupanda ndege ndogo ya Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikapatikana Naivasha: ndege za majini za Solent za BOAC, kampuni iliyorithi Imperial Airways, zilitua katika ziwa la viboko, na abiria wakaendelea kwa barabara. Mpango huo ulikoma 1950.

Hata jeti haikuanza na Nairobi. Comet ya kwanza kubeba abiria, 2 Mei 1952, ilipitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kabla ya saa 24 kutimia. Uwanja wa Embakasi, ndio Jomo Kenyatta wa leo, ulifunguliwa 1958. Uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na ndege nzito huhitaji mbio ndefu kabla ya kupaa. Njia yake ya kurukia inazidi kilomita 4. Mwaka 1960 East African Airways ilianza kupeleka Comet zake London, na 1966 zikafuata VC10.

Khartoum, kituo cha tangu 1931, sasa inakwepwa. Vita vilipofunga anga ya Sudan Aprili 2023, ndege za London na Nairobi zililazimika kuizunguka nchi hiyo, na safari ikarefuka tena.